Kwa nini watoto weupe wa farasi walikuwa wanakufa?

Leo tutoke kidogo ku mihogo na maharagi, tuzungumuzie farasi. Najua, kwetu farasi si munyama wa kila siku. Wengi kati yetu tulimaliza lisansi ya agronomia bila kushika hata mukia wake. Lakini kuko historia moja ya farasi yenye kila mutu mwenye alisoma ufugaji anapaswa kuijua. Ni historia ya ugonjwa wenye munyama anazaliwa nao tangu tumboni, ugonjwa wa kiungo chenye kilikosa kutengenezwa vizuri, na kwa inje hauonekani. Ili kuutambua, ilibidi wafugaji, waganga wa wanyama, waganga wa watoto na watu wa jenetiki wakutane ku njia moja, na hiyo ilikamata miaka mingi.

Mutoto mwenye anazaliwa muzima

Tuanze na hali yenyewe. Farasi jike anabeba mimba karibu miezi 11. Wafugaji wako na hesabu moja rahisi: mutoto asimame ndani ya saa 1, anyonye ndani ya saa 2, na kondo ya nyuma ya mama itoke ndani ya saa 3. Kisha mutoto anapaswa kutosha mavi yake ya kwanza, ile nyeusi yenye kunata, mu siku ya kwanza.

Sasa fikiria mutoto mwenye alizaliwa mweupe, mwili muzima ao karibu muzima, macho ya bluu. Baba yake na mama yake wote wawili wako na mabaka meupe ku mbavu na ku shingo. Mutoto anasimama kwa wakati, ananyonya vizuri, mwenye mali anafurahi. Lakini mavi haitoki. Kisha masaa kadhaa tumbo inaanza kuvimba. Mutoto analala, anajigalagaza, anasimama tena, anageuka kuangalia ubavu wake. Hiyo ni alama ya maumivu ya tumbo, yenye waganga wa farasi wanaita kolike. Ndani ya siku chache anakufa, ao muganga anamumaliza ili asiendelee kuteseka.

Muganga mwenye anaitwa saa hiyo iko na kazi nguvu, juu mutoto wa farasi mwenye hatoshi mavi anaweza kuwa na mambo mingi. Inaweza kuwa mavi ya kwanza imekauka na kuziba. Hapo maji ya vuguvugu na sabuni yenye inaingizwa kwa nyuma inaweza kumuponyesha. Inaweza kuwa tundu ya nyuma haikufunguka tangu mimba. Inaweza kuwa kipande cha utumbo mukubwa kinakosekana kabisa, na kwa nyuma kunatoka tu ute. Ao tena kibofu kimepasuka, mukojo unajaa mu tumbo, na mu siku ya pili ao ya tatu tumbo inavimba vilevile. Kwa inje, hayo yote yanafanana. Njo maana kwa muda mrefu kifo cha watoto weupe kiliingizwa tu mu mufuko mumoja na kolike zingine.

Rangi na feza

Ili tuelewe kwa nini watoto hao walizaliwa wengi, tunapaswa kuangalia soko. Farasi walirudi ku bara la Amerika pamoja na Waispania. Mu mwaka wa 1519, Hernán Cortés alifika Mexico na farasi 16, na askari wake Bernal Díaz del Castillo aliandika mu kitabu chake rangi ya kila mumoja. Kisha farasi waliongezeka sana ku Amerika ya Kaskazini, na wenye mabaka hawakukosa.

Mu mwaka wa 1940, ku Texas, wafugaji walianzisha shirika la kuandikisha farasi wa aina ya Quarter Horse. Shirika hilo lilikataa farasi wenye weupe mingi kupita kiasi. Farasi wa mabaka, hata kama wazazi wake walikuwa wa damu nzuri, alibaki inje ya daftari. Mu mwaka wa 1962, mwanamuke mumoja wa Texas, Rebecca Tyler Lockhart, alianzisha daftari ya farasi wa mabaka. Kisha kuungana na kikundi kingine mu 1965, ikakuwa American Paint Horse Association.

Tangu hapo baka likakuwa feza. Mutoto wa rangi moja, hata kama alizaliwa na wazazi wa mabaka, bei yake ilikuwa chini. Basi mufugaji alifanya hesabu yenye kila mufugaji angefanya: kamata dume wa mabaka, umupatie jike wa mabaka, ili uongeze bahati ya kupata rangi. Hakujua kwamba kwa mutindo mumoja wa mabaka alikuwa anaongeza pia bahati ya kifo. Mutindo huo unaitwa overo wa fremu. Weupe unakaa ku mbavu na ku shingo, mara nyingi haupite juu ya mugongo, na rangi ya mwili inauzunguka kama fremu ya picha. Miguu mara nyingi inabaki ya rangi, uso unakuwa na weupe mingi.

Wafugaji waliona kwamba overo na overo wakati fulani wanazaa mutoto mweupe mwenye anakufa. Wakamuita mweupe wa kifo. Jina hilo lilikamatana na rangi, na watu wakaanza kuamini kwamba weupe wenyewe njo ugonjwa. Lakini kuko farasi wengine wenye wanazaliwa weupe kwa sababu zingine za jenetiki, ao wa rangi ya krimu sana na macho ya bluu, na wanaishi vizuri mpaka uzee. Mutu mwenye alihukumu kwa ngozi tu aliweza kumumaliza mutoto muzima bure.

Kisu na mikroskopi

Hatua ya kwanza ya kweli ilitoka ku mizoga. Mu mwaka wa 1982, Hultgren alitangaza mu gazeti la waganga wa wanyama wa Marekani matokeo ya uchunguzi wa watoto weupe wa wazazi overo. Mwaka wenye ulifuata, chunguzi zingine zilionyesha jambo hilohilo: ku sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, ku utumbo kipofu na ku utumbo mukubwa, hakukuwa seli za neva.

Tusimame hapa kidogo, juu hapa njo moyo wa historia. Unapasua tumbo ya mutoto huyo. Hakuna jiwe, hakuna utumbo wenye ulijisokota, hakuna kipande chenye kinakosekana. Bomba iko wazi tangu juu mpaka chini. Mutu mwenye anaangalia kwa macho tu anafunga tumbo na kuandika: sababu haijulikani. Ili uone, unapaswa kukata vipande vidogo vya ukuta wa utumbo mu sehemu mbalimbali, uviweke mu formoli, uvikate vyembamba sana, uvipake rangi na uviangalie ku mikroskopi.

Unaangalia nini? Mu miaka ya 1860, Leopold Auerbach, muganga wa muji wa Breslau, alieleza mutandao wa seli za neva wenye unakaa katikati ya tabaka mbili za misuli ya utumbo. Mutandao huo njo unapatia utumbo kazi ya kukaza na kulegea moja kwa moja, ili chakula kisukumwe mbele. Mu mutoto wa farasi muzima unaona vikundi vya seli hizo. Mu watoto weupe wenye walikufa, katikati ya misuli ile hakukuwa kitu. Utumbo ulikuwa na misuli, ulikuwa na damu, ulikuwa wazi, lakini hakukuwa wa kuupatia amri. Kosa la ugonjwa huu ni kitu chenye hakiko, na kitu chenye hakiko ni nguvu kukiona kama hujui kilipaswa kuwa wapi.

Waganga wa watoto walikuwa wamepita njia hiyo

Wenye walisoma matokeo ya 1982 walikumbuka ugonjwa mumoja wa binadamu. Mu 1886, ku mukutano wa Berlin, muganga wa Denmark mwenye jina Harald Hirschsprung alieleza juu ya watoto wawili wenye walikufa bila kuweza kutosha mavi vizuri. Utumbo wao mukubwa ulikuwa umevimba sana. Kwa Hirschsprung, na kwa wengi kisha yeye, sehemu yenye ilivimba njo ilikuwa mugonjwa. Ni jambo la kueleweka. Njo yenye inaonekana.

Ilipita zaidi ya miaka 60 mbele jibu litumikishwe. Mu 1948, ku Boston, Orvar Swenson na mwenzake walitangaza upasuaji wenye ulifuata wazo tofauti: kuondoa sehemu nyembamba ya chini, yenye haikuvimba, na kuunganisha sehemu nzuri. Watoto walipona. Kumbe sehemu kubwa ilivimba juu ilikuwa inasukuma bila kupata njia. Sehemu ya chini, yenye kila mutu alidhani ni nzima, ilikosa seli za neva.

Ugonjwa huo unapata karibu mutoto 1 kati ya 5000 wenye wanazaliwa. Mu 1990, gazeti moja la jenetiki ya binadamu lilitangaza utafiti wenye ulimuonyesha mutoto mweupe wa farasi kuwa mufano wa ugonjwa wa Hirschsprung mu wanyama. Tofauti kubwa ni urefu. Kwa watoto wengi wa binadamu, seli zinakosekana tu ku mwisho wa utumbo, njo maana kupasua kunaponyesha. Kwa mutoto wa farasi, zinakosekana ku sehemu ndefu sana; ukiondoa yote, hakubaki utumbo wa kuishi nao. Mpaka leo hakuna dawa yake.

Ngozi na utumbo vinajuana wapi?

Sasa swali lenye lilikuwa linachokoza kila mutu: rangi ya ngozi inaingilia wapi mu mambo ya utumbo? Jibu lilikuwa linangoja ku mayai.

Mu 1868, Wilhelm His, akichunguza mimba changa za kuku, aliona safu ya seli zenye zinatokea kandokando ya sehemu yenye itakuwa uti wa mugongo. Kisha karibu miaka 100, Mufaransa Nicole Le Douarin alipata ujanja wa kuzifuata safari yao. Aliona kwamba seli za ndege kware, ukiziangalia ku mikroskopi, zinatofautiana na seli za kuku kwa kiini chake. Basi alikamata seli za ile safu mu mimba ya kware na kuzipanda mu mimba ya kuku. Kila fasi zilienda, alizitambua. Mu 1973, yeye na Marie-Aimée Teillet walionyesha seli hizo zikitoka mugongoni na kufika mu ukuta wa utumbo, zikakuwa seli za neva. Seli zingine za safu hiyohiyo zinaenda ku ngozi na kutengeneza rangi.

Kwa hiyo seli za rangi na seli za neva za utumbo ni ndugu. Zilitoka mu nyumba moja na kushika safari tofauti. Kama safari inashindikana tangu mwanzo, ngozi inabaki bila rangi na utumbo unabaki bila neva. Weupe wa mutoto yule hauui. Ni kama barua yenye inafika kwa inje kusema kwamba ndani pia wageni hawakufika. Na njo maana farasi mwenye alikuwa mweupe kwa sababu ingine, yenye haikugusa safari ya utumbo, aliishi bila tatizo.

Herufi mbili

Mu 1988, watafiti wa Japan na Masashi Yanagisawa walitangaza endotelini, kitu chenye kinakaza mishipa ya damu. Seli zinaisikia kupitia vipokezi. Fikiria kipokezi kama sikio la seli. Mu mwezi wa 12 wa 1994, matokeo mawili yalitoka mu gazeti la Cell. Moja lilionyesha kwamba panya wenye kipokezi B cha endotelini kiliharibika wanakuwa karibu weupe wote na utumbo wao unavimba. Lingine lilipata kosa ku jeni hiyohiyo mu jamaa za Wamennonite, wenye kati yao ugonjwa wa Hirschsprung ulikuwa mingi.

Watu wa farasi walijua sasa mulango wa kubisha. Mu 1998, vikundi vitatu, viwili vya Marekani na kimoja cha Australia, kila kimoja kwa kazi yake, vilitangaza jibu moja. Ku jeni ya kipokezi B cha endotelini, herufi mbili za ADN zimebadilika: fasi ya TC kuko AG. Kwa sababu hiyo, ku namba 118 ya protini, asidi amino ya isolesini inakuwa lizini. Ni hivyo tu. Herufi mbili kati ya mabilioni, na utumbo hauamuki.

Mwenye kubeba kopi moja ya kosa anaishi vizuri, na mara nyingi anapata mabaka ya overo. Mwenye kupata kopi mbili anazaliwa mweupe na anakufa. Hesabu ni ile ya Mendel yenye tulifanya ku mwaka wa kwanza: wabebaji wawili wakikutana, kila mimba iko na bahati 1 kati ya 4 ya kutosha mutoto wa kufa. Mubebaji na mwenye habebi wakikutana, nusu ya watoto wanaweza kuwa wabebaji, lakini hakuna mwenye atakufa na ugonjwa huo.

Tangu hapo kutambua ugonjwa kulitoka ku kisu kukaingia ku unywele. Mufugaji anang'oa nywele za manyoya ya shingo ao za mukia pamoja na mizizi yake, anazituma ku laboratware, anapata jibu mbele hata ya kupandisha. Uchunguzi wenye ulitangazwa mu 2001 ulionyesha kwamba kati ya overo wa fremu, zaidi ya 94 kwa mia ni wabebaji. Lakini kosa hilo lilipatikana pia mu farasi wenye rangi yao inaonekana kuwa moja tu, hata wa Quarter Horse. Macho ya mufugaji, hata mwenye uzoefu wa miaka 40, hayawezi kuchagua wazazi salama.

Na kama mutoto mweupe amekwisha kuzaliwa? Muganga muzuri hahukumu ngozi. Anauliza juu ya wazazi na kipimo chao. Anahesabu masaa tangu kuzaliwa. Anajaribu maji ya vuguvugu, juu pengine ni mavi imekauka tu. Anapiga picha ya tumbo. Anatuma nywele. Mutoto mwenye ananyonya, anatosha mavi na kucheza, hata akiwa mweupe kama chokaa, anaachwa aishi.

Na sisi wa mbuzi?

Mutu anaweza kusema: hiyo ni mambo ya watu wa Texas. Sawa, tukamate mbuzi. Wafugaji wa mbuzi wa maziwa ku Ulaya na Amerika walipenda mbuzi bila pembe, juu hawaumizane. Wakaona kwamba bila pembe na bila pembe wakikutana, kunazaliwa mbuzi wenye si dume si jike, wenye hawazai. Mu 1944, Asdell aliandika kwamba kosa hilo linaonekana kufungana na jeni ya kukosa pembe. Mu 2001, watafiti wa Ufaransa walipata kipande cha ADN chenye kilikatika na kinaleta yote mawili. Shauri lilikuwa rahisi: muzazi mumoja abakie na pembe zake. Ni hadithi ileile ya overo. Mutu anachagua kitu kizuri cha inje, na kitu kingine kinaingia nyuma yake bila kupiga hodi.

Ku vijiji vyetu, mutoto wa mbuzi ao wa nguruwe akikufa siku ya pili, tunamuzika ao tunamutupa, na maneno inaanza: jirani mubaya, jicho la mutu, laana. Sisemi tujenge laboratware kesho. Jibu la 1998 lilisimama juu ya jibu la 1982, na jibu la 1982 lilisimama juu ya watu wenye walikubali kupasua muzoga na kuandika. Hiyo sehemu ya kwanza haiombi mashine. Inaomba kitabu kidogo na kalamu.

Basi wewe mwenye unafuata wafugaji kwa kazi ao kwa stazi, mutoto wa munyama akikufa mbele ya siku saba, andika vitu hivi: dume gani na jike gani, na kama wako ndugu, rangi, pembe na alama za mutoto, saa ya kuzaliwa na saa ya kufa, alisimama, alinyonya, alitosha mavi, alikojoa ao hapana, tundu ya nyuma ilikuwa wazi ao hapana. Kama kuko muganga wa wanyama karibu, mumuombe apasue na aseme yenye ameona, hata kama ameona kwamba hakuna kitu. "Hakuna kitu" pia iandikwe, na tarehe yake. Vifo vitatu vyenye viliandikwa vizuri, vya baba mumoja, vinatosha kumuambia mufugaji abadilishe dume. Na mufugaji mwenye aliokoa watoto wa mbuzi wa mwaka wenye unakuja atakuwa na feza ya kalasi ya mutoto wake.